Mpango wa mawasiliano wa timu ya uokoaji inayokwenda nchi ya nje: ukurasa mmoja uwe na nini?

NahodhaWaZamu

Wadau, salaam. Naandaa mpango wa mawasiliano wa timu ya utafutaji na uokoaji ya daraja la kati, watu 38 na mbwa 2, inayotakiwa kuwa tayari kuitwa nchi yoyote likipiga tetemeko. Vifaa vipo: redio za mkononi za VHF 24, ripita 1 (mtambo unaopokea sauti ya redio na kuirusha mbali zaidi), simu za setilaiti 2 na dishi 1 la intaneti.

Mpango uliopo una kurasa 31. Hakuna atakayeusoma akiwa na vumbi machoni. Nataka karatasi moja, pande mbili, ikunjwe iingie mfukoni. Naomba msaada kwenye mambo matatu: redio nizipange vipi zisitufie siku ya kwanza, tukishatua tunaripoti kwa nani, maana huko kuna serikali, Umoja wa Mataifa, jeshi na timu nyingine kibao, na lugha tunafanyaje. Ushauri wa aina ya "mawasiliano ni uti wa mgongo" ninao wa kutosha, asanteni.

MasafaMarefu

Nianze na hiyo ripita, maana ndiyo itakayokuangusha kwanza.

Ripita yako ina dupleksa, kile kisanduku cha vichujio kinachoiwezesha antena moja kutuma na kupokea kwa wakati mmoja. Dupleksa huchongwa kwa jozi moja ya masafa (frequency), moja la kutuma na moja la kupokea. Mkifika, mamlaka ya mawasiliano ya nchi mwenyeji inawapa jozi nyingine, na hapo huwezi kubadilisha kwa kompyuta peke yake. Dupleksa inahitaji kupangwa upya kwa kipimo maalumu ambacho timu nyingi hazibebi. Ukilazimisha, ripita inajizibia masikio yenyewe: inatuma huku haisikii mtu. Kwa hiyo omba masafa kabla ya kupanda ndege. Andaa orodha yenye kampuni, modeli, namba ya kila redio, masafa inayoweza kutumia na nguvu kwa wati. Orodha hiyohiyo utaihitaji forodhani, kwa hiyo chapa nakala za kutosha. Kuna Mkataba wa Tampere wa 1998, ulioanza kutumika tarehe 8 Januari 2005, unaolegeza vibali na forodha kwa vifaa vya mawasiliano wakati wa maafa. Ila unazifunga nchi zilizoridhia tu, na hata hizo lazima ziwe zimeomba msaada. Usiutegemee kama hujahakikisha hiyo nchi imo.

Chaneli ziwe 4, basi. Ya 1 ni ya uongozi kupitia ripita. Ya 2 na ya 3 ni za maeneo ya kazi, redio kwa redio. Ya 4 ni akiba, redio kwa redio, na ndiyo ya kurudi ripita ikizimika. Kila redio iwe na mpangilio uleule kwenye kitufe kilekile, ili mtu aweze kuzungusha gizani na glavu mkononi. Kwenye karatasi yako andika sentensi hii: "Ukiita mara 2 kwenye chaneli 1 bila jibu, hamia 4." Usipoiandika, nusu ya timu itahama na nusu itabaki.

Kosa linalowapiga watu chenga ni toni, mlio mdogo unaotumwa pamoja na sauti ili ripita ifunguke. Redio iliyosahauliwa kuwekewa toni ya kufungulia ripita inasikia kila kitu vizuri kabisa. Mwenye nayo anaona iko salama. Akiongea, hakuna anayemsikia, na hajui. Ndiyo maana kipimo cha redio si "unanisikia?" akajibu kwa dole gumba. Kila redio 24 ziite, zijibiwe kwa sauti, moja baada ya nyingine, kabla hamjatoka kambini.

Betri: zile saa 10 au 12 zilizoandikwa kwenye karatasi ya kiwanda zimepimwa kwa 5-5-90, yaani asilimia 5 kutuma, 5 kupokea, 90 kunyamaza. Kwenye kifusi hakuna redio inayonyamaza asilimia 90. Hesabu betri 2 kwa kila redio, zenye namba, na zibadilishwe kila mwanzo wa zamu hata kama zinaonekana zimejaa. Za akiba zinazobebwa mkononi kwenye ndege ya abiria zina mpaka: hadi wati-saa 100 kwa kawaida, na kati ya 100 na 160 kwa idhini ya shirika la ndege. Betri kubwa ya dishi ikizuiwa kwenye mizigo, dishi linakuwa sinia.

Simu ya setilaiti hukosa mawimbi ukiwa ndani ya jengo au pembeni ya ghorofa. Inataka anga wazi. Weka saa maalumu, tuseme 0600, 1200 na 1800, dakika 15 kila mara, ikiwa nje na antena imefunguliwa. Na angalia sheria: India, kwa mfano, hairuhusu kuingia na simu za setilaiti bila kibali, na kuna watu huishia mikononi mwa polisi kwa hilo.

Mtandao wa simu wa kawaida hauondoki mara moja. Minara huishi kwa betri saa chache baada ya umeme kukatika, halafu inazima mmoja mmoja, kwa hiyo ukikuta mtandao saa ya kwanza usishangae ukipotea jioni. Kabla haujazima huwa umeelemewa: sauti haipiti, lakini ujumbe mfupi wa maandishi unapita, kwa sababu hauhitaji njia ya sauti na ukikwama unasubiri foleni. Wafundishe watu kuandika kabla ya kupiga.

MezaYaUratibu

Swali la pili: mwenye nyumba ni serikali ya nchi iliyopatwa. Umoja wa Mataifa hauiamuru timu yenu wala mtu yeyote. Unaisaidia mamlaka ya maafa ya nchi hiyo kuwapanga wageni. Ukilielewa hilo, nusu ya mkanganyiko inaisha.

Mnapita kwenye mfumo wa INSARAG, mtandao wa kimataifa wa timu za utafutaji na uokoaji chini ya Umoja wa Mataifa, ulioundwa 1991 baada ya tetemeko la Armenia la 1988, ambapo timu za nje zilifika bila lugha moja ya kazi. Kabla ya kuruka, ingia kwenye Virtual OSOCC, tovuti ya Umoja wa Mataifa ya kuratibu maafa, usome kama nchi imeomba msaada na imeomba aina gani. Kama haikuomba timu za uokoaji, au imesema zimetosha, mbaki nyumbani. Nepal 2015 ilikuwa na uwanja mmoja wa kimataifa wenye njia moja ya kurukia. Kila ndege iliyoleta watu wasiohitajika ilichukua nafasi ya ndege nyingine.

Mkitua, tafuteni meza ya mapokezi uwanjani, RDC. Kama mmetua wa kwanza, hakuna meza: nyinyi ndio mnaoifungua. Wengi hawalijui hili. Bebeni sanduku dogo lenye meza ya kukunja, bendera au bango, kalamu, printa ndogo, fomu tupu na daftari la kuandikisha timu, na mwache watu 2 hapo hadi timu ya Umoja wa Mataifa ya tathmini na uratibu wa maafa, UNDAC, au timu nyingine iwapokee. Mnachokabidhi mezani ni karatasi ya timu: idadi ya watu na mbwa, siku mnazojitegemea (daraja la kati ni siku 7 kwenye eneo moja la kazi mchana na usiku; daraja zito ni siku 10 kwenye maeneo mawili), tani na mita za ujazo za mizigo, na mahitaji yenu ya usafiri, mafuta ya petroli na dizeli, gesi ya kukatia chuma, na mbao za kuegemeza. Mbao husahaulika kila mara. Hazipandi ndege, na bila mbao hamuingii chini ya zege.

Kutoka hapo mnapewa sekta, na maeneo ya kazi yanapewa namba: herufi ya sekta na namba, mfano C-5. Namba hiyo ndiyo jina la jengo kuanzia siku hiyo. Msiite "shule ya njano" kwenye redio; kesho yake timu nyingine itaita shule nyingine ya njano.

Viwango vya kazi ni 5, na vitajwe kwa namba: 1 kukagua eneo zima kwa haraka, 2 kukagua sekta na kupanga majengo yapi kwanza, 3 utafutaji wa haraka, 4 utafutaji kamili, 5 kufunua kila kitu pamoja na kutoa maiti. Timu ikiripoti "tumemaliza jengo" bila kiwango, hujaambiwa kitu. Imemaliza 3 au 4? Tofauti yake ni mtu aliye hai chini ya ghorofa ya pili.

Alama za ukutani zinawaunganisha watu ambao hawatakutana kamwe, kwa hiyo ziwekwe kwenye upande wa nyuma wa karatasi yako. Kisanduku cha rangi ya kupulizia, kama mita 1 hadi 1.2 upande, ndani yake namba ya eneo, namba ya timu, kiwango kilichomalizika na tarehe. Hatari kama gesi au ukuta unaoning'inia inaandikwa nje ya kisanduku. Mkimaliza kabisa, mstari mmoja wa mlalo unapita katikati. Palipo na mtu, V kubwa ya nusu mita, chini yake L na idadi ya walio hai, D na idadi ya waliokufa. L-2 ikatwe iwe L-1 mmoja akitolewa. Kinachoharibika hapa ni uvivu mdogo tu: mtu anatolewa, kila mtu anapiga makofi, hakuna anayerudi kukata ile L-1. Saa 6 baadaye timu nyingine inachimba ikimtafuta mtu aliyeko hospitali.

Na honi. Tatu fupi za sekunde 1 kila moja, zikirudiwa hadi watu watoke: ondokeni. Moja ndefu ya sekunde 3: simameni, kimya. Ndefu moja ikifuatwa na fupi: endeleeni. Hizi hazihitaji mkalimani.

Kwenye vikao vya uratibu pelekeni mtu 1 au 2, walewale kila siku. Aende na karatasi tayari: maeneo yaliyofunguliwa na kufungwa, kiwango, hai na maiti kwa idadi, uwezo uliobaki kesho, upungufu. Dakika 2. Anayekwenda "kusikiliza" anarudi na uvumi.

Jambo moja kuhusu wahudumu wenu wa afya: wao ni wa timu na wa majeruhi mnaowatoa. Watu watakuja na watoto wenye homa. Mkifungua kliniki mmekuwa timu ya tiba ya dharura, na hiyo inaandikishwa kwa wizara ya afya kwa vigezo vyake. Hata aina ya chini kabisa yenye kituo cha kudumu inatakiwa iweze kuona wagonjwa 100 wa nje kwa siku. Jueni kituo cha karibu kiko wapi muwaelekeze.

NdimiMbili

Lugha ya vikao na lugha ya kifusi ni vitu viwili. Haiti 2010 vikao vingi vilifanyika kwa Kiingereza ndani ya kambi ya Umoja wa Mataifa, huku watu wa nchi wakiongea Kikreoli na mashirika yao yakishindwa hata kupita getini. Matokeo yake, waliojua mitaa hawakuwa chumbani. Upande wa pili, ujumbe wa simu uliotumwa kwa namba fupi 4636 ulitafsiriwa kutoka Kikreoli na Wahaiti wa ughaibuni waliojitolea, wakiwa maelfu ya kilomita mbali. Msaidizi wa lugha si lazima awe amesimama karibu nawe. Mtu mwenye simu na ramani anatosha kwa mambo mengi.

Usiulize "nchi hii wanaongea lugha gani?" Uliza mji huu. Msumbiji Kireno ndicho cha ofisi, lakini Beira na pembezoni mwake mama aliyepoteza nyumba huenda akakueleza kwa Kisena au Kindau. Mkalimani wa Kireno peke yake anakufikisha kwa diwani, hakufikishi kwa huyo mama.

Wakalimani: angalau 1 kwa kila eneo la kazi kwa kila zamu, na mwingine wa kwenda vikaoni. Mpe kofia ngumu, barakoa na dakika 10 za maelezo kabla ya kuanza. Mwandikie maneno 40 ya kazi hii na mkubaliane tafsiri kabla, si juu ya shimo. Asitumwe kutoa habari ya kifo. Anatafsiri ya mwenye dhamana. Asiwe mtoto, na ikiwezekana asiwe jamaa wa aliyenaswa, kwa sababu atatafsiri anachokitumaini.

Sasa mifano miwili inayohusu Kiswahili chetu wenyewe, muone jinsi mtego ulivyo mwembamba. Jirani anasema: "Amebanwa mguu." Kwetu mguu ni kuanzia nyonga hadi vidole. Mkalimani asiyeuliza zaidi anachagua neno la Kiingereza la chini ya kifundo, na daktari anaona ni jambo dogo. Kumbe ni paja lililokandamizwa kwa saa nyingi, na huyo anahitaji dripu kabla ya kuinua zege, la sivyo sumu ya misuli iliyosagika inaingia kwenye damu kwa mkupuo na moyo unasimama dakika chache baada ya kuokolewa. Mkono ni hivyohivyo, bega hadi kucha. Swali la karatasini liwe: "Juu ya goti au chini ya goti? Tangu saa ngapi?"

Wa pili: mwokoaji anauliza, "Hakuna mtu ndani?" Jirani anajibu, "Ndiyo." Kwa Kiswahili amekubali kwamba hakuna. Akitafsiriwa neno kwa neno, mgeni anasikia yupo. Piga marufuku maswali ya kukanusha. Uliza: "Waliokuwa ndani ni wangapi? Waliotoka ni wangapi? Walikuwa chumba gani?" Idadi haipotei kwenye tafsiri kirahisi.

Kiberiti

Siku hizi kundi la WhatsApp linamaliza yote hayo. Picha, sauti, mahali ulipo, bure. Redio 24 za nini?

MasafaMarefu

Mkuu Kiberiti, sikatai, hadi pale mnara unapozima. Tuseme haujazima. Kundi lina watu 140 kutoka timu 20. Amri ya kuondoka sekta C inaingia saa 0910, juu yake "poleni sana", dole gumba 30 na picha ya chai. Anayechimba hana mikono ya kufungua simu. Redio inamfikia kila aliye kwenye chaneli kwa sekunde ileile.

Kundi lina kazi yake: ratiba, mabadiliko ya mahali pa kikao, orodha ya vifaa. Lifanyeni la viongozi tu kuandika, na amri yoyote ya usalama ipite redioni kwanza. Picha za majeruhi na maiti marufuku, sura zikionekana au la.

NahodhaWaZamu

Nashukuru sana, nimejaza upande mmoja tayari. Kwenye ripoti ya eneo la kazi nimeandika: "Taja namba za GPS, tarehe na saa." Inatosha?

FitoNaRamani

Haitoshi, na hapo ndipo timu nzima inapopelekwa bonde lisilo lake.

Kifaa kinaonyesha 27°42'30" kaskazini. Msomaji redioni anasema "ishirini na saba, arobaini na mbili, thelathini". Mwandishi anaandika 27.4230. Ile ya kwanza kwa desimali ni 27.7083. Tofauti ni 0.2853 ya digrii, na digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111: mmekosea kwa karibu kilomita 32, na namba zote zinaonekana za kawaida kabisa. Kwenye karatasi lazimisha mtindo mmoja: digrii za desimali, WGS84 (mfumo wa kawaida wa GPS), latitudo kwanza, tarakimu 5 baada ya nukta. Tarakimu 4 zinakupa usahihi wa kama mita 11, yaani huenda ukawa jengo la jirani. Ya 5 inakushusha hadi mita 1. Nukta isomwe "nukta". Timu za nchi kadhaa za Ulaya huandika mkato badala ya nukta, na mkato huohuo hutenganisha latitudo na longitudo, kwa hiyo wakikutumia kwa maandishi rudia kuwasomea. Na kuna programu za ramani zinazotanguliza longitudo. Ukijikuta katikati ya bahari, umezigeuza.

Majina ya mahali usiyategemee peke yake. Kijiji kimoja kina tahajia tatu na kuna vijiji vitatu vyenye jina moja. OCHA, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya misaada ya kibinadamu, hutoa P-code, yaani namba maalumu ya mahali, kwa kila wilaya na kata, zikianza na herufi 2 za nchi. Pakua orodha kabla ya safari, ukiwa bado na intaneti.

Saa: tarakimu 4, na useme ni saa za nchi hiyo au za UTC (saa za dunia). Nepal iko UTC+5:45, hivyo anayekisia kwa saa kamili anakosea angalau robo saa kila mara. Na sisi tuwe waangalifu zaidi ya wengine wote. "Kikao saa nane" kwetu ni 1400; mkalimani akitafsiri namba badala ya saa, wageni wanakuja 0800, wanakuta mlango umefungwa, wanaondoka. Ethiopia nao huhesabu saa hivyohivyo. Tarehe iandike kwa jina la mwezi: 4 Mei, si 04/05, ambayo Mmarekani ataisoma Aprili 5. Kalenda nazo si moja. Nepal, kuanzia katikati ya Aprili 2015, mwaka ulikuwa 2072 kwenye karatasi za serikali, kwa hiyo usishtuke ukipewa kibali chenye tarehe inayoonekana ya miaka mingi mbele.

NahodhaWaZamu

Hapo kwenye saa nane nimejikuta nacheka peke yangu, lakini inaingia kwenye karatasi. Nafasi imebaki mistari 4 chini. Niweke nini, namba za simu za viongozi?

MezaYaUratibu

Namba za simu ziwe nyuma ya kitambulisho. Hiyo mistari 4 iwe ya kuondoka, kwa sababu hakuna anayeipanga akiwa bado anachimba. Taarifa ya kuondoka ipelekwe kituo cha uratibu mara tu serikali inapotangaza mwisho wa uokoaji, pamoja na tani za mizigo, ili mpate nafasi ya ndege. Kila namba ya eneo iliyo kwa jina lenu ifungwe au ikabidhiwe kwa timu iliyotajwa, kwa sahihi. Masafa yarudishwe kwa maandishi kwa mamlaka iliyoyatoa. Mstari wa nne: mkitaka kuacha mbao au mahema, andikeni nani amepokea na vipande vingapi, lakini redio zilizoingia kwa kibali cha muda msizigawe kama zawadi kabla forodha haijabadilisha karatasi zake, la sivyo jina la timu linabaki na deni mpakani na safari ijayo sanduku lenu la kwanza kufunguliwa ni hilo la redio.